Siku Landrova Yetu Ilipoelea

(Ukurasa huu nimeutoa kwenye daftari langu la zamani. Naunakili hapa kwenye blogu kama nilivyouandika siku ile.)

Butiama, Jumamosi, mwanzoni mwa Machi 1988.

Asubuhi mvua ilinyesha, ikakatika. Sasa ni alasiri, jua limetoka na udongo unanukia. Nimekaa nje nyumbani kwa Mama, nywele zimejaa matope, goti limechubuka, na tangu saa sita nikijaribu kutulia nacheka upya.

Leo nimeelea mtoni ndani ya gari.

Nianze na mwenye gari. Mume wangu Mafuru, Baba Nyanjura, ni Mjita, fundi wa mitumbwi ya mbao pale Mwigobero, ufukweni mwa ziwa. Ujanani aliendesha lori la pamba, kisha akaacha usukani akashika randa. Anaweza kupita kando ya mtumbwi usiomhusu, akasimama, akapapasa ubao kwa kidole gumba na kusema hapa patavuja, na wiki mbili baadaye panavuja kweli. Nikimtania kwamba anawaombea wenzake mabaya, hujibu kuwa maji hayahitaji kuombewa, yanajua yanakokwenda.

Landrova aliinunua mnadani Bunda mwaka juzi. Ilikuwa imekaa juu ya mawe nyuma ya ofisi moja tangu miaka ile ambayo tairi lilikuwa la kibali na petroli ya foleni. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva. Nilipoletewa nyumbani Buhare nilidhani amenunua banda. Lakini siku hizi za ruksa vipuri vinavuka mpaka wa Sirari mchana kweupe, na Magesa, fundi magari wa Nyasura, ameifufua kidogo kidogo, pistoni mwezi huu, klachi mwezi ule. Springi za nyuma zimeongezwa majani mawili. Tanki la pili la mafuta limefungwa chini ya kiti. Bomba la hewa limepandishwa hadi usawa wa paa ili injini isinywe maji mtoni. Juu kuna tairi mbili za akiba, sepetu, kamba nene ya katani na mbao mbili za kutandika kwenye tope. Naandika haya utadhani mimi ndiye fundi. Mtu akikuletea grisi kwenye shuka miaka miwili, utajifunza tu.

Na tangu mwaka jana yote haya ni kwa ajili ya macho ya Mama.

Mama ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Mwaka jana alinitambua kwa mwendo, mwaka huu ananitambua kwa sauti. Binti yetu Nyanjura ni nesi katika hospitali ya misheni huko Loliondo, ng'ambo ya Serengeti. Aliandika kwamba daktari wa kupasua macho hupita kwao mara moja kwa mwaka, anakaa wiki moja, anaondoka. Mwaka jana barua ilitufikia daktari akiwa ameshakwenda zake. Mwaka huu imewahi, na daktari anaanza kazi Jumatano ijayo. Tena huko kuna kajukuu kangu ka miezi mitano kanakoitwa Wakuru, jina la Mama, na mwenye jina hajakaona. Kwa basi ni kuzunguka Shinyanga, Singida hadi Arusha, halafu kupanda lori. Mama hawezi. Kwa landrova ni kutoka hapa Butiama, Nata, Mugumu, kukata hifadhi na kutokea Loliondo. Siku mbili tu, mito ikikubali.

Kulikuwa na ugumu mwingine. Mama na mkwe wake hawawezi kukaa kiti kimoja.

Kwetu mwanamume hamshiki mkono mama mkwe, hali naye, haingii anapolala, na wala hawatazamani usoni. Miaka ishirini na nne hawa wawili wamesalimiana kutoka hatua kumi, mkwe ameshika kofia mkononi. Kila neno jingine hupita kwangu. Mama husema kwa Kizanaki, "Mwambie mkwe wangu," na mkwe yupo pale pale, anasikia, Kizanaki anakielewa. Atangoja mpaka nimwambie kwa Kiswahili, ndipo aitikie, nami nirudishe jibu. Nimewahi kulalamika kwamba naugua koo kwa ajili yao. Ukweli ni kwamba cheo hicho nakipenda. Mara nyingine nimepunguza maneno ili amani iwepo. Mara moja, Mungu anisamehe, niliongeza.

Basi, landrova ina kiti kimoja tu mbele. Baba Nyanjura akaamua kumjengea mama mkwe chumba chake nyuma, chenye mlango wake, dirisha lake, kitanda chembamba, na ukuta wa mbao kumtenga na dereva. Siku Mama atakapoingia humo kitakuwa chumba chake, na mkwe hatakikanyaga tena.

Akakijenga kwa namna anayoijua. Ubao juu ya ubao, pamba ikashindiliwa kwenye kila mwanya kwa patasi butu, juu ya pamba akapaka lami. Mlango akauzungushia mpira wa tyubu. Alipomaliza aliniita, akamwaga ndoo nne za maji ndani, akakaa kwenye kigoda akichungulia uvungu wa gari muda mrefu kama anangojea mtu. Halikudondoka tone. Alifurahi mpaka akavua shati. Akasema sasa mama mkwe atavuka Serengeti nzima bila kulowa ukucha, na mimi nikamsifu. Magesa naye akaja kutoka Nyasura, akagonga gonga mbao, akasifu. Tulikuwa watu wazima watatu pale, na hakuna aliyewaza zaidi.

Mama mwenyewe ndiye hakutaka kwenda. Tangu macho yaanze kufunga amekuwa mtu wa kuwekwa. Wekwa hapa uote jua, wekwa hapa upumzike. Yeye ambaye alilima, akafuga, akatusomesha kwa mtama! Mwezi uliopita aliniambia kwamba hawezi kupakiwa kwenye gari kama gunia. Nilibishana naye, nikalia, nikarudi Buhare nimenuna. Mwishowe akasema nimwambie mkwe wake avuke kwanza mto mmoja wenye maji na kurudi salama, kisha tutaongea. Namjua Mama. "Kisha tutaongea" ni hapana iliyovalishwa kitenge.

Ndiyo maana leo asubuhi tulikwenda Bunda, tukampitia Magesa, tukashuka hadi mto Rubana ambao mvua za juu zimeshaujaza. Tulimkuta mzee mmoja mfugaji, akatuonyesha kivuko. "Hapa tunavukaga na ng'ombe," alisema, "chini ni changarawe tupu. Nendeni tu." Aliingia mwenyewe, maji yakamfika kiunoni. Magesa alibaki ukingoni eti aangalie magurudumu yanavyofanya kazi. Mimi nikapanda, kwa sababu nilitaka kumwambia Mama kwa kinywa changu kwamba nimevuka.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Maji yalipanda mlangoni, injini ikanguruma, changarawe ikawa inasaga chini yetu. Halafu changarawe ikanyamaza.

Nyuma ya gari ilikuwa imenyanyuka. Ilinyanyuka taratibu, kama mtu anayeinuka kumpisha mgeni. Baba Nyanjura akakata usukani kushoto, gari likaenda kulia. Akakanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka ndani ya maji bila kushika kitu, nasi tukaanza kushuka na mto, tako la gari likiwa mbele.

Nilimgeukia mume wangu nimwambie tunakufa. Alikuwa anatabasamu.

"Mama Nyanjura," aliniambia, "halivuji hata kidogo!"

Nitaisema hiyo siku ya hukumu, mbele ya malaika wote. Mto ulituchukua hatua kama hamsini, ukatuegesha juu ya fungu la mchanga, gari limeinama upande wangu. Nilitokea dirishani nikaangukia tope. Yule mzee aliwaleta maksai wake wanne wa jembe, wakafungwa ile kamba ya katani na kutuvuta mpaka nchi kavu. Alipokuwa anaifungua alisema kwa upole kabisa, "Mzee, gari za kuzama hapa nimeonaga nyingi. Ya kuelea ndiyo hii."

Magesa alikuwa amekaa chini ameshika mbavu. Alipopata pumzi alieleza, na maelezo yake hata mtoto wa darasa la pili angeyaelewa. "Gari inavukaga kwa uzito, Mzee Mafuru. Ukiziba kila mahali inakuwa mtumbwi. Acha maji yaingie, matairi yashike chini, ukitoka yatatoka. Toboa sakafu."

Tabasamu liliisha pale pale.

"Nitoboe?"

"Utoboe."

"Mimi tangu nina akili naziba," mume wangu alisema. "Wakisikia Mwigobero kwamba nimetoboa chombo changu mwenyewe kwa mkono wangu, nitapita wapi?"

Wahenga walisema mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Tulimrudisha Magesa Nyasura, tukachukua njia ya Butiama, Baba Nyanjura akiendesha polepole kama anayepeleka mgonjwa. Nilimwonea huruma. Halafu nikamkasirikia. Halafu nikaanza kuhesabu siku, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Bila matundu hakuna mto tutakaovuka. Bila mto Mama hatakubali. Na daktari akishafunga mizigo yake, Mama atangoja mwaka mwingine, na sijui kama mwaka huo macho yake yatakuwa na kitu cha kuokoa.

Naungama hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Njiani niliamua kumdanganya Mama. Nilipanga kumwambia tumevuka, vizuri sana, maji hayakufika hata mlangoni. Mimi ndiye mdomo wao, nani angejua?

Lakini nilipofika na kumwona anageuza kichwa kutafuta sauti yangu ilikotoka, uongo ulinishinda. Nilimweleza yote. Kuelea, tabasamu, maksai, tope.

Mama alicheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Baba afariki. Alishika ukuta, akakaa, akacheka amekaa. Baba Nyanjura alikuwa amesimama kule mbali karibu na gari lake, kofia mkononi, anatazama chini. Nilipofika kwenye habari ya kutoboa, kwamba mkwe wake hawezi, Mama aliacha kucheka na kufikiri kidogo.

"Mwambie mkwe wangu," akasema, "chungu cha kuchujia magadi kinatobolewaga na aliyekifinyanga. Sijasikia mtu akimcheka."

Nikampelekea neno hilo, hatua kumi, kama kawaida, ingawa nilijua ameshalisikia. Aliirudisha kofia kichwani. Kisha akafungua sanduku lake la vifaa, akatoa keekee yake ya kutobolea mbao.

Tundu la kwanza lilimchelewesha kuliko matano yaliyofuata. Alipima, akaondoa mkono, akapima tena. Nilijifanya napanga vyombo ili nisimtazame. Aliposhuka kutoka mle ndani alikuwa na vumbi la mbao kwenye kope, akakaa chini papo hapo na kuanza kuchonga vizibo sita, kila kimoja na tundu lake, kila kimoja na kamba ya kuvutia. Anasema ni kwa ajili ya vumbi la Serengeti. Vumbi lipo, sikatai. Lakini nimelala na mtu huyu miaka ishirini na nne, najua kwamba hawezi kupata usingizi juu ya chombo kilicho wazi chini.

Nilimpenda sana pale alipokuwa akichonga. Naliandika hivyo hivyo lilivyo.

Ndipo ukaja ubishi mpya. Vizibo viko ndani ya chumba cha Mama. Kila tukifika mtoni vitolewe, tukivuka virudishwe. Mkwe hawezi kuingia humo. Basi ni mimi, nishuke kila ukingo, nizunguke nyuma kwenye tope, nipande, nitoe, nishuke, nirudi mbele, na mle hifadhini simba wapo. Tulibishana mimi na mume wangu mpaka sauti zikapanda.

"Na mimi nitakuwa nimekufa?" Mama aliuliza.

Tuligeuka. Alikuwa ameshainuka. Aliniambia nimwonyeshe ngazi, si mkono wangu, ngazi. Akapanda mwenyewe, kwa mara ya kwanza, akainama kwenye sakafu na kuanza kupapasa. Nilisikia vidole vyake vikipita juu ya mbao, ubao hadi ubao, kama anavyochambua uwele. "Sita," alisema. "Hiki cha kona kimekazwa mno. Miguu yangu nitaipandisha kitandani, ikilowa italowa, umande nimeukanyaga maisha yangu yote." Akafunga mlango.

Baba Nyanjura akaenda kukaa mbele kwenye usukani, ukuta wa mbao katikati yao. Tulikuwa tumekubaliana kwamba akigonga mara mbili vizibo vitolewe, akigonga mara tatu virudishwe. Mimi nikapitisha ndoo mbili za maji dirishani, zikatanda kwenye sakafu yote. Kisha, kama ilivyo desturi, mume wangu akanitazama akingojea nimwombee ruhusa, nami nikakohoa, nikajiandaa.

"Mama, mkwe wako anasema..."

"Mkwe!" Mama aliita kutoka ndani, kwa Kiswahili, Kiswahili chake kile cha mnadani ambacho hukitumia kwa wanunuzi wa ng'ombe tu. "Usimngoje huyu. Gonga!"

Kofia ilikuwa kichwani. Nilimwona akiivua, peke yake mle ndani, mbele ya ukuta. Kisha akagonga mara mbili.

Maji yakatoka uvunguni kwa matundu yote sita.

"Umetoa vyote, Mama?" aliuliza. Aliuliza ukuta, lakini aliuliza mwenyewe.

"Vyote, mkwe. Gonga tena, nirudishe."

Akagonga mara tatu. Wakarudia. Nikaleta ndoo nyingine, wakarudia, mpaka mabega yakaniuma. Mara ya nne Mama alivitoa vyote kabla sijamaliza kuhesabu hadi kumi. Kisha akasema kwa sauti ileile, bila kunitaja, "Jumatatu tunaondoka saa ngapi, mkwe?"

"Saa kumi na mbili asubuhi, Mama."

"Mwenye kuchelewa tumwache."

Nadhani mwenye kuchelewa ni mimi.

Mto bado hatujauvuka. Jumatatu kuna Rubana mwingine na mwingine, na Jumatano iko pale pale. Bado naogopa. Lakini Mama ameshanituma nikamletee kitenge chake cha safari na ameniuliza mara mbili kama daktari atamwacha arudi na macho wazi, maana anataka kuitazama njia anaporudi. Mtu aliyekuwa akiwekwa sasa anatoa amri. Hata sasa, ninavyoandika, bado wamo garini, kila mmoja upande wake wa ubao, wanabishana kuhusu kamba ya kizibo cha nne kama ni fupi. Yeye anasema si fupi. Mama anasema mikono ni yake, yeye ndiye anayejua.

Nimejaribu mara mbili kuingilia. Wameniambia ningoje.

Nina wivu kidogo. Furaha ni kubwa zaidi, lakini wivu upo, na sioni kwa nini niufiche. Miaka yote hii nilidhani wasingeweza kupendana bila kupitia kinywani mwangu.

Jumatatu nitapanda mbele nikiwa sina usukani, sina kizibo, sina ujumbe wa kupeleka. Nitafanya kazi gani ndani ya gari hilo siku mbili nzima? Labda nitakaa tu dirishani nisafiri, kama watu wengine. Sijawahi.